Nauli ya Boda

Gwakisa alifungua kompyuta juu ya marobota,
ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe,
akasema: Dada Sikitu, duka lako la mtandaoni
kuanzia leo lina milango miwili.
Nusu ya wateja wataingilia huku, nusu kule,
na hakuna atakayejua kwamba kuna kwingine.

Mlango wa kwanza: shuka, bei, kitufe cha NUNUA,
na nauli ya boda imejificha mwisho kabisa
kama mwiba wa samaki kwenye tonge la mwisho.
Mlango wa pili: nauli iko juu, peupe.
Sinza elfu tatu, Mbagala elfu tano,
Kigamboni piga simu tuelewane.

Nikamwambia, utafukuza watu.
Nani Kariakoo hii anataja gharama
mteja hajashika kitambaa, hajakinusa?
Mpe kiti kwanza. Mpe maji.
Akajibu: ndiyo maana tunapima.

Marehemu mama aliuza ndoo Mtaa wa Msimbazi.
Naye alipima, bila kulijua jina la kazi hiyo:
wiki hii ndoo za bluu mbele, wiki ijayo nyekundu,
na kila adhuhuri alichora vijiti kwenye daftari la shule,
vinne vimesimama, cha tano kimelala juu yao.
Mali bila daftari, alikuwa akisema,
wala hakumalizia; alishageuka kuhesabu.

Siku ya tatu mlango wa kwanza ukaongoza.
Nikapiga kigelegele, nikataka tuufunge ule mwingine.
Subiri, akasema, namba bado mbichi.
Siku ya nne wa pili ukaupita.
Ya tano sikumuuliza mtu. Nililala na simu,
nikaamka saa tisa usiku kuangalia,
kama mwenye mgonjwa Muhimbili.
Siku ya tisa mistari yote miwili ikapaa pamoja,
Gwakisa akakuna kichwa mbele ya michoro yake,
mimi nikacheka:
tarehe ishirini na saba, kijana. Mishahara imetoka.

Kisha akapiga simu mama mmoja wa Tabata.
Yuko na mdogo wake, kochi moja, simu mbili.
"Mbona mwenzangu anaonyeshwa nauli, mimi nafichwa?
Yeye mteja, mimi mpita njia?"
Nikausingizia mtandao.
Nilipokata, ulimi ulikuwa na ladha ya sarafu.

Wiki mbili zikatimia.
Katika kila watu elfu, mlango wa kwanza
walinunua kumi na tisa.
Ule wa nauli peupe, thelathini na mmoja.
Wengi walitoka mapema, ni kweli, walipoiona ile elfu tano,
ila waliobaki hawakuniachia kikapu njiani.
Kizuri chajiuza, wanasema.
Labda. Kikishataja nauli yake.

Tukaufunga mlango wa kwanza,
na Gwakisa tayari anataka jaribio jingine,
rangi ya kitufe, kijani au chungwa.
Chungwa, nikamwambia, bila kutazama.
Nilikuwa nasoma orodha ya vikapu vilivyoachwa.
Kuna simu moja, ileile, saa nane usiku:
shuka la kitanda cha mtoto, lenye twiga.
Linaingia kikapuni. Dakika kumi na moja. Linatolewa.
Kesho yake tena.
Nauli ilifichwa, alikuja. Ikawekwa wazi, alikuja.
Huyo ni mmoja, akasema Gwakisa, hapimiki, mruke.

Nimenunua daftari, kurasa arobaini na nane.
Jumatatu, kijiti. Jumanne, kijiti.
Jumatano kimelala peke yake, mkono uliteleza.
Jana hakuja.

Stoo limebaki shuka moja la twiga.
Asubuhi hii kuna mteja wa Ubungo amelitaka,
pesa mkononi, nauli hajabishia.
Nimemwambia limekwisha.